Dawa Iliyolala na Samaki

Hapo zamani, si zamani ile ya wafalme na majini, bali zamani ya karibu ambayo watu wake bado wanaamka na kunywa chai, palikuwa na chuo cha uuguzi juu ya kilima kimoja huko Nyanda za Juu Kusini. Asubuhi ukungu wa huko huingia hadi darasani na kukaa kiti cha mbele kama mwanafunzi hodari. Chuo kilikuwa na hospitali yake, hospitali ilikuwa na wodi ya akina mama, na wodi ya akina mama ilikuwa na Mwalimu Eufrasia Mgaya.

Mwalimu Mgaya alivaa saa kifuani. Ilikuwa saa ya wauguzi, ile inayobanwa kwa pini na kuning'inia kichwa chini, ili mwenyewe akiinamisha macho aisome huku mikono ikiendelea na kazi. Kwa mwingine yeyote anayeitazama, namba zake zimepinduka. Mwalimu Mgaya alivishwa saa hiyo na mwalimu wake, naye mwalimu wake alivishwa na mwalimu wa kabla yake. Desturi ya kilima kile ilikuwa hivyo: mwalimu wa wodi akistaafu, humvisha saa mhitimu mmoja wa mwaka huo, na aliyevishwa saa hubaki. Anapewa kazi palepale, wodi ileile. Wenzake hufunga mabegi na kurudi makwao kusubiri ajira, na kila mtu anajua kusubiri ajira kulivyo. Mtu anaondoka na shahada yake ndani ya bahasha, na mwaka wa pili unamkuta anauza vocha.

Mwaka huo Mwalimu Mgaya alikuwa anastaafu. Saa ilikuwa moja, na wanafunzi waliomkaa moyoni walikuwa watatu. Mwalimu akikuambia kwamba hana anayemkaa moyoni, mwamini nusu.

Wa kwanza aliitwa Nakijwa, binti wa Upareni. Nakijwa alisoma. Masomo ya chuo yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa kama mlango mfupi: kila mwanafunzi aliingia kwa kuinama kivyake, na wengine waligonga vichwa. Nakijwa aliingia wima. Vitabu vizito ambavyo wenzake walivitumia kukalia wakati wa mpira, yeye alivisoma mwanzo hadi mwisho, na maandishi madogo ya chini ya kurasa pia.

Wa pili aliitwa Wendelin Komba, Mngoni wa Songea. Wendelin aliongea. Aliongea na wapishi, na walinzi, na wagonjwa waliokuja kwa malaria wakaondoka wamesahau waliumwa nini. Lakini akikutana na Kiingereza cha darasani ulimi wake uligeuka gogo. Somo la dawa alilirudia, na kama si kusaidiwa angelirudia tena.

Wa tatu aliitwa Somoe, mtoto wa Lindi. Somoe alisikiliza. Kiingereza chake kilikuwa cha wastani, lakini kila Jumamosi kwenye karo la kufulia, wakati wenzake wanasugua sare, alilichukua somo la wiki na kulisimulia upya kwa Kiswahili. Nakijwa ndiye aliyemfungulia sentensi ngumu. Somoe aliichukua iliyofunguliwa akaitafutia sura.

"Figo ni kifumbu," alisema siku moja.

"Kifumbu ndiyo nini?" Wendelin akauliza, povu hadi kiwikoni.

"Cha kuchujia tui la nazi, wewe mtu wa bara. Tui linapita, machicha yanabaki. Sasa kifumbu kikitoboka?"

"Machicha yanaingia kwenye mchuzi."

"Basi. Umeshajua ugonjwa wa figo. Suuza shati."

Ndivyo walivyokuwa. Nakijwa alisoma, Wendelin aliongea, Somoe alisikiliza. Chuo kikawaweka kundi moja kwa ajili ya mtihani wa mwisho.

Mtihani wa mwisho wa chuo kile haukuwa wa karatasi. Kundi hupewa mgonjwa mmoja na swali moja, huachwa naye lijue la kufanya, kisha siku ikifika husimama mbele ya watahini na kumsimulia mgonjwa wao kwa Kiingereza. Kundi la Mwalimu Mgaya lilipewa Bibi Sekinyaga.

Bibi Sekinyaga alikuwa Mhehe, mjane, mfuga kuku, mgonjwa wa kisukari, na alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Jambo lake lilikuwa la ajabu. Akiwa wodini sukari inashuka, kidonda kinaanza kukauka, anaruhusiwa. Akifika nyumbani, kwa dawa ileile, sukari inapanda, kidonda kinafunguka, anarudi. Daktari wa wodi alikuwa mtu mwema, ila aliyechoka. Alisimama kitandani akasema kwa Kiingereza, juu ya kichwa cha Bibi, kwamba mgonjwa huyu hafuati maelekezo, na kwamba akirudi tena hivi huenda mguu ukakatwa. Bibi, aliyeona watu wanamtazama, akajibu kwa adabu, "Ndiyo, mwanangu."

Swali la mtihani likawa hilo: kwa nini sukari ya Bibi Sekinyaga hupanda nyumbani?

Nakijwa akatangulia. Alivuta kiti, akashika kalamu, akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kama shuka lililopigwa pasi.

"Shikamoo, bibi. Je, unazingatia ratiba ya sindano?"

"Marahaba. Ndiyo, mwanangu."

"Unaepuka vyakula vyenye sukari nyingi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na dawa, unaihifadhi mahali penye ubaridi?"

"Ndiyo, mwanangu. Baridi sana."

Nakijwa akarudi kwa wenzake. "Hakuna kitu. Anafanya yote."

Mwalimu Mgaya, aliyekuwa pembeni, aliendelea kukunja bandeji. Mtihani haukumruhusu kusaidia. Lakini alimjua Bibi kwa sababu aliwajua mabibi wote wa vilima vile. Walilelewa kwamba mtu aliyesoma akisema, humkatizi, na akiuliza, unamkubalia. Kwao "ndiyo" ilikuwa namna ya kumkaribisha mgeni kiti.

Akaja Wendelin, mikono mfukoni, akasalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Wewe wa wapi?"

"Mimi Komba. Songea."

Bibi Sekinyaga akajiinua kwa viwiko. Hakuna aliyekuwa amemwona akijiinua bila kusaidiwa. Wahehe na Wangoni ni watani tangu mababu zao walipopigana hadi wakachoka wakaamua kucheka, na mtani hana adabu ya kumkubalia mtani kitu.

"Mngoni!" Bibi akapaza sauti. "Nani amemruhusu Mngoni kushika sindano? Mikuki iliwashinda, sasa mmetujia na sindano!"

"Tumekuja kumalizia, bibi. Tumesikia Mhehe mmoja amebakiwa na mguu mmoja."

Wodi nzima ikashika pumzi. Bibi akacheka hadi akakohoa, akampiga Wendelin kwa kitambaa cha kichwa, akamsogezea nafasi ya kukaa kitandani. Waliongea mpaka chakula cha mchana. Waliongea habari za kuku, za mwana aliyeko Makambako, za jirani aitwaye Mama Tulinagwe anayeuza samaki. Na katikati ya hayo Bibi akasema:

"Tena ndiye anayenihifadhia dawa yangu. Ana friza. Niliambiwa baridi, mimi nikatafuta baridi ya kweli, si ya mchezo. Inalala na samaki. Nikiichukua imekuwa jiwe, naiweka kwapani iyeyuke, najichoma."

"Mhehe wewe! Dawa unailaza na samaki? Chungu chenu cha nyama ya mbwa kilikuwa kimejaa?"

"Kilijaa panya wenu wa Kingoni, nikakosa nafasi!"

Wendelin akatoka wodini akifuta machozi ya kicheko. Wakati wa chai aliisimulia tena yote, kwa sauti ya Bibi na mikono ya Bibi. Meza nzima ikacheka. Nakijwa peke yake aliacha kutafuna andazi.

"Umesema inaganda?"

"Kama jiwe. Anaiyeyusha kwapani. Hebu cheka, Nakijwa, usiwe hivyo."

"Wendelin, inaganda kabisa?"

"Si nimekwambia kama jiwe?"

Nakijwa akainuka mbio, akaacha chai inatoa moshi. Alirudi na kitabu kizito kifuani, akakifungua mahali alipopajua, akaweka kidole chini ya mstari wa maandishi madogo. Akausoma kwa Kiingereza, kisha akausema kwa Kiswahili: dawa hii ikishaganda imekufa. Ikiyeyuka itaonekana ileile, rangi ileile, chupa ileile, lakini haiaminiki tena.

Wendelin akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo Bibi anajichoma maji."

"Muda wote huu."

"Nami nimekuwa nacheka," akasema Wendelin polepole.

Nakijwa hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kitandani kwa Bibi, uso unang'aa kwa furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Bibi, dawa ikiganda inapoteza ufanisi wake."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo usiigandishe tena. Umeelewa?"

"Ndiyo, mwanangu. Asante sana."

Nakijwa akageuka kuondoka. Somoe alikuwa anatandika kitanda cha jirani. Akamshika kiwiko.

"Amesema ndiyo kabla hujamaliza."

"Lakini ameelewa. Amesema asante."

"Ngoja." Somoe akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Bibi yangu, ukirudi nyumbani, dawa utaiweka wapi?"

"Kwa Mama Tulinagwe, mjukuu wangu. Baridi ya pale ni nzuri."

Nakijwa akafunika uso kwa mikono yake.

Somoe hakumsahihisha Bibi. Alimuuliza habari za kuku. Wangapi wanaatamia? Anayeatamia vizuri ni yupi? Bibi akaeleza, na Somoe akasikiliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Na mwezi wa sita, baridi ile kali ikija, kuku akayaacha mayai usiku kucha?"

"Aa, hayo yamekwisha. Hayaangui."

"Hata kuku akirudi kuyalalia?"

"Hata ayalalie hadi Krismasi. Yamekuwa viza."

"Lakini ukiyatazama?"

"Ukiyatazama ni mayai tu, mjukuu wangu. Huwezi..." Bibi akamtazama Somoe, akautazama mguu wake uliofungwa bandeji, akamtazama Somoe tena. "Dawa yangu."

"Ndiyo, bibi."

"Nimekuwa nikijichoma viza."

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi nilikuwa naitafutia baridi iliyo bora!" Machozi yakamtoka Bibi Sekinyaga, kisha hasira, kisha akaanza kuuliza. Hakuna aliyekuwa amemsikia akiuliza habari ya dawa yake. Baridi kiasi gani? Iwekwe wapi basi? Somoe akamweleza chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati yake mchanga uliolowa, pembeni pa nyumba pasipoingia jua. Kisha akafanya jambo moja zaidi. Alilala kwenye kitanda kilichokuwa wazi, akajifunika shuka.

"Bibi, mimi ni mgonjwa mgeni. Nimeambiwa leo kwamba nina kisukari. Nifundishe."

Bibi akamfundisha. Alimfundisha kwa ukali, habari ya mayai na chungu na mchanga, na Bibi alipokosea, Somoe alikuna kichwa kama asiyeelewa mpaka Bibi akajirekebisha mwenyewe. Jioni hiyo Bibi alizunguka na gongo lake akiwafundisha wagonjwa wengine, hata wa kuvunjika mkono.

Aliruhusiwa, akakaa nyumbani, akarudi siku aliyopangiwa. Sukari ilikuwa imeshuka. Kidonda kilikuwa kimejifunga kama mdomo wa mtu aliyemaliza kusema.

Siku ya mtihani watahini walichagua msemaji wa kundi, nao, kama wanavyofanya watahini tangu zamani, wakamchagua asiyetaka. Wendelin alikiingia Kiingereza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Katikati mawe yakaisha. Nakijwa alijua neno lililofuata, lakini hakuruhusiwa kulitoa. Wendelin akafumba macho, akalikumbuka karo la kufulia, akavuka kwa yai. Alisimulia kuku, baridi, yai lenye sura ya yai, kwa maneno ya Kiingereza ambayo mtoto wa shule ya msingi angeyajua. Mtahini mkuu akavua miwani, akasema kwamba hajawahi kulielewa jambo hilo vizuri namna ile. Kundi likafaulu, wote watatu, alama moja.

Ikabaki saa.

Asubuhi moja kabla ya mahafali, Mwalimu Mgaya aliwaita katika chumba cha bandeji, akafunga mlango.

"Wanangu, mnaijua desturi. Nimewatazama, na kila nikimchagua mmoja naona nimewaibia wawili. Niambieni ninyi. Nani anastahili?"

Wakatazamana. Wa kwanza kusema akawa yule ambaye mwalimu hakumtarajia.

"Mimi, mwalimu," akasema Nakijwa. "Naona aibu, lakini umeuliza. Utani uko kila kijiji. Mayai yako kila banda. Lakini mstari ule ulikuwa ndani ya kitabu, kwa maandishi madogo, kwa lugha ya watu wengine, na katika hospitali hii nzima ni mimi niliyeufikia. Wenzangu wamecheza, mimi nimesoma. Macho yameniuma, nimesoma. Bila mstari ule, kisa cha samaki kingebaki kichekesho cha chai, na mayai yangebaki mayai. Kama kusoma hakuhesabiki chuoni, kutahesabika wapi?"

"Sema, dada, sema!" Wendelin akapiga makofi, kisha akakohoa. "Sasa na mimi niseme. Mwalimu, mimi ni wa mwisho darasani, wala siyo siri, hata paka wa jikoni anajua. Na ni kweli niliokota almasi nikadhani ni jiwe la kuchezea. Lakini aliyeinama akaiokota ni nani? Bibi alimwambia daktari ndiyo. Alimwambia Nakijwa ndiyo. Angemwambia hata askofu ndiyo. Ni mimi peke yangu niliyeambiwa habari zake. Mlango ule ukiwa umefungwa, kitabu kingemsaidia nini? Kitabu hakina utani."

Mwalimu akamgeukia Somoe. Somoe alikuwa anaitazama sakafu.

"Mpe mmoja wao, mwalimu. Mimi sikugundua kitu. Nilichukua neno la Wendelin na neno la Nakijwa, nikayapika. Mwenye mchele yupo, mwenye nazi yupo. Mpishi atadai chakula ni chake?"

"Wewe!" Nakijwa akamgeukia. "Mimi nilikuwa nimeshatoka nikidhani nimemaliza. Ningempeleka nyumbani akagandishe tena, na mguu ungekatwa, na mimi ningeandika kwamba ameelekezwa."

"Na mimi," akasema Wendelin, "bila kifumbu chako nisingefika hata mwaka wa tatu."

Somoe akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo hutaki saa?" Mwalimu akamuuliza kwa upole.

Somoe akainua macho. "Naitaka sana, mwalimu," akasema. "Lakini mwanzo hukutuuliza anayeitaka. Ulituuliza anayestahili."

Hapo mlango ukasukumwa kwa gongo. Bibi Sekinyaga alikuwa amekuja kukaguliwa mguu, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Mnagombea mguu wangu?" akauliza.

"Shikamoo, bibi," wakasema wote, isipokuwa Wendelin, aliyesema, "Huyo Mhehe amekuja kwa miguu miwili, tumekwisha!"

"Nyamaza, mla panya. Nimewasikia. Huyu alisoma, sawa. Huyu alipayuka, sawa. Huyu alinieleza, Mungu ambariki. Lakini mimi je? Maisha yangu yote nimekuwa nikiwaambia wasomi ndiyo. Ni nani aliyejifunza kuacha, uzeeni, mbele ya watu? Ni nani anayejichoma kila siku, ninyi au mimi? Wafundishaji mko wengi. Aliyejifunza ni mmoja. Hiyo saa nibandikeni mimi nikaivae kanisani."

Walicheka wote, hata Mwalimu Mgaya. Lakini alipobaki peke yake akikunja bandeji aliona kwamba kicheko kimepita na hoja ya Bibi imebaki mezani, imekaa pamoja na zile tatu, wala hakuweza kuiondoa.

Siku ya mahafali ukungu uliondoka mapema, kama nao umealikwa. Wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki. Baba wa Nakijwa alikuwa amesafiri toka Same na suti ya harusi yake. Mama wa Somoe alileta korosho za kutosha wodi nzima. Kaka zake Wendelin walikuwa wameshaanza kucheza kabla ya muziki. Mabegi ya wahitimu yalikuwa yamepangwa ukutani, yamefungwa, na ni begi moja tu lingefunguliwa jioni ile. Mstari wa mbele alikaa Bibi Sekinyaga, miguu yake miwili ndani ya viatu vipya, imenyooshwa mbele ili watu waione.

Mwalimu Mgaya alisimama. Alifungua pini, na kifua chake kikabaki chepesi kwa namna asiyoizoea. Aliiweka saa kiganjani. Wale watatu walikuwa wamesimama mbele yake wameshikana mikono, na kutoka walipokuwa, namba zote zilikuwa zimepinduka. Uwanja ukatulia mpaka saa ikasikika.

Aliinua mkono wenye pini.

Nami hapo ndipo ninapouacha mkono wa mwalimu, juu, unasubiri. Ninyi mliokaa nami mmewasikia wote: aliyeufikia mstari, aliyeufungua mdomo wa Bibi, aliyelifikisha neno hadi likakaa, na Bibi mwenyewe, aliyejifunza. Pini ni moja, na asiyevishwa anachukua begi lake. Je, nani alistahili saa?